Dereva Asiyekataa Kosa

Mtu akiniuliza Ahmednur Awale alikuwa mtu wa namna gani, humwambia kwanza kwamba hakuwa mwizi. Najua si desturi kumsifu mtu hivyo. Lakini yako maneno yaliyosemwa juu yake katika maduka ya mtaa wetu wa Wabera, mjini Isiolo, miaka ile ya sabini, na baadhi ya waliosema wangali hai, wana afya na macho ya kusomea.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Shuriye. Baba yao, mzee Awale, aliletwa nchi hii na Waingereza akiwa askari, akapanda mpaka usajini, na vita vilipokwisha akaruhusiwa kukaa Isiolo pamoja na wenzake. Mali aliyoacha haikuwa kubwa. Aliacha adabu. Watoto wake waliamshwa kwa filimbi, wakakunja blanketi pembe kwa pembe, na kuliko mambo yote walikatazwa kubishana na mtu aliyevaa sare. Sare ikikuambia umekosa, unakaza miguu na kujibu, "Ndiyo, afande." Kama una lalamiko, utalipeleka baadaye kwa mkubwa wake, ukiwa umetulia.

Shuriye aliisikia adabu hiyo kwa sikio moja. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kutania polisi mpaka wakasahau walichomsimamishia. Ahmednur aliisikia kwa masikio yote mawili. Alikuwa mrefu, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto la Merille, huko jangwani, na hakuna mtu aliyepata kumwona akipandisha sauti. Akiendesha lori letu la Bedford, lile la buluu lililoandikwa mlangoni "Awale na Wana", alilitazama kila gurudumu kabla ya kuondoka kama mchungaji anayetazama kwato.

Shuriye alipofariki nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapo mjini. Eda ilipokwisha, wazee walikuja na desturi yao kwamba mdogo mtu anioe ili nyumba isivunjike. Nilikataa, naye Ahmednur, akitazama mkeka, alisema Mwalimu akikataa basi imekwisha. Tangu siku hiyo mimi nilishika biashara na yeye akashika usukani. Tulipeleka unga, sukari na chumvi Marsabit na Moyale, tukarudi na ngozi.

Mambo yalianza kuharibika mwaka wa pili. Alirudi safari moja akaweka leseni yake mbele yangu, mezani, kama mtoto anayeleta daftari lenye alama mbaya.

"Nimekosa, Mwalimu. Nimeandikiwa kosa la mwendo. Korti imenitoza faini."

"Ulikuwa unakimbilia nini?"

"Afande amesema nilikuwa nakimbia."

"Sikuuliza afande amesema nini. Nimeuliza wewe."

Akaichukua leseni, akaenda kupakua ngozi. Mwezi haukupita, akashikwa tena. Halafu tena. Kila mara ni mwendo, kila mara njia ya kaskazini, na kila mara alisimama mbele ya hakimu akakubali kabla karani hajamaliza kusoma. Mara ya mwisho hakimu alimwambia wazi kwamba akirudi tena kwa kosa hilo, leseni itafutwa. Ahmednur hakujua kazi nyingine. Hakuwa na mifugo wala duka. Kumwondoa kwenye usukani ilikuwa sawa na kumfukuza duniani.

Na watu hawalali. Wakati ule pembe za faru na za ndovu zilikuwa zikiteremshwa njia ile, kila mtu alijua, na lori linalokimbia lilihesabiwa kuwa na cha kukimbizia. Nilikwenda kununua sabuni kwa Kaltuma, mwenye duka la kona, naye akanipimia huku akitabasamu.

"Mwalimu, siku hizi lori lenu lina mabawa."

"Lina magurudumu, kama ya wengine."

"Aa, mimi nasema tu. Chumvi haikimbizwi hivyo, dada. Chumvi haiozi."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka chini ya shungi zao. Nilichukua sabuni yangu nikatoka bila kuaga, nikiwa na hasira na Kaltuma, lakini zaidi na Ahmednur. Maana neno lake lilikuwa na akili. Chumvi haiozi. Basi shemeji yangu alikuwa anakimbilia nini?

Nilimshuku, na sioni kwa nini nisingemshuku. Jina lililoandikwa kwenye mlango ule lilikuwa la mume wangu na la watoto wangu. Lori likiwa limelala uani, yeye akiwa msikitini, niliinua viti, nikapapasa chini ya turubai, nikachoma magunia kwa sindano ya kushonea. Sikuona kitu. Hata uchafu haukuwapo. Hilo halikunituliza, maana hata mtu anayeficha kitu hufagia.

Nikaamua kupanda lori mwenyewe, shule zikiwa zimefungwa. Nilimwambia nakwenda Marsabit kuwasalimu jamaa. Akasema, "Karibu, Mwalimu," akanipangusia kiti. Juu ya mizigo alikaa Ekaale, taniboi wetu, yaani utingo, mtu wa Ngaremara, mtu mzima mwenye mvi ambaye hakuna ajuaye kwa nini bado aliitwa taniboi.

Wasiosafiri njia ile zamani hawajui ilivyokuwa. Kwa sababu ya shifta, wale waasi wanyang'anyi wa vichakani, gari halikuruhusiwa kupita peke yake. Malori yalikusanyika kwenye kizuizi nje ya mji, yakaandikwa, yakangoja mpaka polisi wawe tayari. Kisha Landrova moja ya ulinzi ilitangulia, malori yakafuata, na Landrova ya pili ikafunga nyuma. Asubuhi ile koplo wa gari la nyuma, kijana mwenye masharubu membamba, alipita kwenye kila dirisha akitoa amri.

"Hakuna kuachana! Mkiona gari la mbele, mko salama. Atakayebaki nyuma akaliwa na shifta, asiniletee kilio."

"Ndiyo, afande," akasema Ahmednur.

Mbele yetu lilikuwa lori la Golicha, Mborana mnene ambaye sauti yake ilisikika hata injini zikinguruma. Sisi tulikuwa wa mwisho, kwa sababu mzigo wetu ulikuwa mzito.

Landrova ya mbele iliondoka kama imechomwa mkuki. Haikuwa na mzigo. Ndani mlikuwa na vijana wenye bunduki na hamu ya kufika. Malori yakaifuata, vumbi likapanda, na mimi nikaanza kutazama mshale wa mwendo. Ahmednur alikuwa amechora mstari mwekundu juu ya kioo chake, mahali pa mwisho pa mwendo halali wa lori. Mshale ulikuwa umeuvuka.

"Umepita mstari," nikamwambia.

"Nimeona."

"Basi punguza."

Akapunguza. Vumbi la Golicha likaanza kwenda mbali. Hatukukaa, nikasikia honi nyuma, Landrova ya pili ikaja sambamba na dirisha letu, koplo ametoa kichwa na mkono.

"We mzee! Unataka kutuuza kwa shifta? Kanyaga! Kanyaga!"

"Ndiyo, afande."

Akakanyaga. Lori likalia, mabati yakatetemeka, Ekaale huko juu akapiga bodi kwa kiganja na kuimba wimbo wa Kiturkana ambao sidhani ulikuwa wa heshima. Mshale ukavuka mstari na kukaa huko.

Karibu na mji mdogo wa Archer's Post ile Landrova ya nyuma ilitupita ghafla, ikampungia Golicha mkono asimame. Nasi tukasimama nyuma yake. Niliteremsha kioo. Koplo alikuwa ameshatoa kalamu.

"Ulikuwa unakimbia."

Golicha aliruka chini kama mtu mwembamba. "Nani? Mimi? Na wewe ulikuwa unatambaa? Nipeleke kortini! Nipeleke leo! Nitaita madereva wote waje waseme nani alituambia kanyaga. Nitaita hata abiria! Nitaita mbuzi niliobeba!"

Watu waliokuwa juu ya magunia wakaangua kicheko. Koplo alitabasamu kidogo, akatazama kalamu yake, akamwacha Golicha akiendelea kuapa, akaja kwetu. Nilimwona alivyokuwa anatembea. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchuma mboga katika shamba lake mwenyewe.

"Mzee, ulikuwa unakimbia."

"Ndiyo, afande."

"Lakini ni wewe uliyesema akanyage!" nikasema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Mwalimu, tafadhali," akasema Ahmednur, na akaweka mkono wake mlangoni, kama kwamba ningeteremka kupigana.

"Huyu mama ni nani?"

"Mke wa marehemu kaka yangu, afande."

"Mwambie asifundishe polisi kazi."

Akaandika, akaondoka. Ekaale akainamisha kichwa kutoka juu ya paa. "Mama, wengine wakishikwa wanapiga teke. Huyu wetu ni mbuzi wa sadaka, anajilaza mwenyewe."

Nilimwambia anyamaze, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Koplo alitakiwa apeleke idadi fulani ya kesi kortini, kama wenzake wote. Kesi ya Golicha ingekula siku na kuita mashahidi. Kesi ya Ahmednur ilikwisha kabla chai haijapoa. Hakuwa akiandikiwa kwa kukimbia kuliko wengine. Aliandikiwa kwa sababu alikubali. Na kila alipokubali, mji ulipata ushahidi mwingine kwamba tunabeba pembe.

Nilirudi Isiolo nikamweleza mama mkwe wangu Nurto, ambaye alikuwa amekaa kitandani pake akihesabu tasbihi. Nikasema safari hii Ahmednur atakataa kosa.

"Mume wangu hakumwambia mkubwa 'sikubali' hata siku moja," akasema.

"Mama, mzee alikuwa na mkubwa mmoja. Huyu, sare moja inamwambia kanyaga, na sare hiyo hiyo inamuuliza kwa nini umekanyaga."

"Wewe Halimo, umesoma sana."

"Nimesoma, ndiyo."

"Watasema mwana wa Awale amekuwa mkaidi. Anashindana na serikali."

"Sasa hivi wanasema ni mwizi wa pembe. Na leseni ikienda, watasema serikali yenyewe imethibitisha. Chagua, mama. Mkaidi au mwizi."

Aliweka tasbihi chini. Mwisho akasema, "Asimwite mtu mwongo. Hilo silitaki katika nyumba hii."

Ahmednur alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. "Sitaweza, Mwalimu," akasema. "Akiniuliza, ulimi utasema ndiyo wenyewe."

"Basi usimjibu. Muulize. Sheria inakuruhusu kumuuliza shahidi. Kuuliza si kubishana."

Hilo alilichukua akaenda nalo. Kwa siku kadhaa nilimwona uani akizunguka lori, midomo ikitikisika.

Siku ya kesi korti ilijaa. Kaltuma alikuja, amevaa shungi mpya. Karani akasoma shitaka, hakimu akauliza kama anakubali au anakataa. Niliona magoti ya Ahmednur yakikazwa, nikajua neno liko mdomoni tayari.

"Mheshimiwa," akasema, "sibishani na mtu. Naomba kumuuliza afande maswali."

Hakimu akainua uso. Alikuwa amezoea kumsikia huyu akisema neno moja tu. "Korti inaandika kwamba mshtakiwa amekataa," akasema, na Ahmednur akashtuka kama amepigwa kofi.

Koplo alitoa ushahidi wake vizuri: alikuwa nyuma, alitazama mshale wa gari lake, lori lilizidisha mwendo. Kisha Ahmednur akaruhusiwa.

"Afande, siku ile gari la ulinzi la mbele lilikuwa mbele yangu?"

"Ndiyo."

"Nililipita?"

"Hapana."

"Lilituacha?"

"Haliwezi kuwaacha. Msafara haukuachana hata kidogo." Hapo koplo alijivuna. "Hiyo ndiyo kazi yetu."

"Ndiyo, afande. Basi nisaidie. Lilikuwa linakwenda mwendo gani?"

Koplo akageuka kutazama meza ya mashtaka. Nyuma ya chumba Golicha akakohoa kwa sauti ambayo haikuwa ya ugonjwa, na kicheko kikazunguka benchi kwa benchi. Inspekta aliyeendesha mashtaka akasimama akasema gari la ulinzi halijashtakiwa hapa.

"Bado," akasema hakimu. Akaandika kwa muda, akatupilia mbali shitaka.

Watu walimpa Ahmednur mkono. Mimi sikufurahi mapema. Nilimtazama inspekta akikusanya karatasi zake, ametulia mno kwa mtu aliyeshindwa. Na kweli, Ahmednur alipofika kizuizini na mzigo uliofuata, alizuiwa. Polisi wana uwezo wa kumwita dereva apimwe upya wakimtilia shaka, na kwa makosa aliyokwisha kuyakubali zamani, shaka walikuwa nayo. Leseni ikachukuliwa. Aende Meru kwa mpimaji wa madereva, akishindwa asiguse lori tena. Na mpimaji ni nani? Polisi. Yaani aliyetoka kwa mlango wa mbele aliambiwa arudi kwa mlango wa nyuma.

Nilikwenda naye. Sikumwamini mtu yeyote kule. Alipimwa katika chumba chenye ubao mpana juu ya meza, ubao uliochorwa mji mzima: barabara, mizunguko ya njia panda, vivuko vya wanafunzi, na juu yake vigari vidogo vya mbao. Vijana wa kujifunza walikuwa wameuzunguka. Mimi nilisimama dirishani.

Mpimaji alikuwa sajini mwenye tumbo na jicho la kusinzia. "Mzee, umezoea kuendesha wapi?"

"Njia ya Moyale, afande."

"Hapa ni mjini. Kuna mizunguko."

Isiolo haikuwa na mzunguko hata mmoja. Akapewa kilori kidogo. Ahmednur alikishika kwa vidole viwili, na kabla ya kukiweka barabarani alikigeuza akatazama magurudumu yake, moja baada ya jingine. Vijana wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Sajini hakucheka. Alimpitisha kwenye mizunguko yote, kushoto, kulia, kivukoni, na Ahmednur alikwenda taratibu bila kukosea. Ndipo sajini akachukua kigari kingine, akakiweka mbele ya kilori.

"Hili ni gari la polisi. Linakulinda. Linakwenda kasi kuliko sheria inavyokuruhusu wewe. Umeambiwa msiachane. Utafanya nini?"

Niliona mtego wote ulivyofungwa. Akisema atafuata, ameshindwa kwa mwendo. Akisema atabaki, amevunja amri ya ulinzi. Na habari ya kesi ya Isiolo ilikuwa imemfikia, hiyo haikuhitaji kuulizwa.

Ahmednur alikitazama kile kigari cha polisi. Kisha akakisogeza kilori chake pembeni mwa barabara ya rangi, akaondoa mkono.

"Nitasimama, afande. Nitazima injini. Nitalingoja lirudi kunichukua."

"Na shifta?"

"Nitakuwa nimejikabidhi kwa Mungu, na kwenu."

Vijana hawakucheka tena. Sajini alipangusa uso kwa kitambaa, akapiga mhuri, akamrudishia leseni. Mpaka leo sijui kama mhuri ule ulikuwa wa haki, au alitaka kuona kama mzee huyu angethubutu.

Ahmednur aliendesha lori letu mpaka mwaka wa themanini na sita, macho yalipomsumbua, na leseni yake haikuandikwa kosa jingine la mwendo. Lakini hayo yote yalitegemea msafara wa kwanza baada ya Meru, na nilikuwa ndani ya lori, maana sikuwa nimewaamini.

Amri ilitolewa kizuizini na koplo yule yule. Hakuna kuachana. Ahmednur akaitika. Safari hii mzigo ulikuwa mwepesi, tukawekwa katikati, malori mengine nyuma yetu, Golicha akiwa wa kwanza wao. Landrova ya mbele ikaruka. Mshale wetu ukapanda mpaka kwenye mstari mwekundu, ukakaa pale pale kama umegandishwa. Waliotutangulia walizidi kutokomea katika vumbi, mpaka hatukuona vumbi lenyewe. Ahmednur akatoa lori pembeni, akazima injini. Nyuma yetu Golicha angeweza kupita. Njia ilikuwa wazi. Nilimsikia akizima ya kwake. Halafu ya nyuma yake. Halafu nyingine.

Koplo akaja mbio. "Mzee! Kuna nini? Kany—" Madereva walikuwa wametoa vichwa madirishani, na wote walikuwa wanangoja alimalize neno lile.

"Nangoja gari la mbele, afande," akasema Ahmednur. "Umesema tusiachane."

Koplo alisimama pale, jua kali, kofia mkononi. Kulikuwa na upepo wa nchi ile ukipiga turubai, hakuna kingine. Nilikaa nikikaza macho kwenye vichaka, nikidhani kila kijiti ni bunduki, na nikidhani pia kwamba wale wa mbele wamekusudia kutuacha tupate somo. Ahmednur alikuwa amekaa wima, mikono juu ya usukani, vifungo mpaka shingoni.

Kisha vumbi likaonekana, likija upande wetu. Landrova ya mbele ilisimama pua kwa pua na lori letu, kijana mwenye bunduki akatokeza.

"Mzee, gari imeharibika?"

"Ni nzima, afande."

Kijana alimtazama koplo. Koplo alitazama chini. Landrova ikageuka barabarani, ikatangulia polepole, kwa mwendo wa lori, na Ahmednur akawasha injini.